Amerika Tuliyobishania Malvern

Nilifika Johannesburg kwa vipandevipande. Kutoka Tabora nilikwenda Mbeya, nikapakia viazi msimu mzima. Kutoka Mbeya nikavuka mpaka Tunduma, nikashika njia ya Lusaka, nikafunga mizigo kwenye ghala hadi nikachoshwa na sauti ya mwenye ghala. Kisha Harare. Kisha foleni ya mpaka wa Beitbridge, tuliposhushwa kwenye basi tukasimama juani na hati zetu mikononi, kila mtu akimtazama wa mbele yake kama vile yeye ndiye aliyeleta foleni. Hakuna aliyenituma. Nyumbani walisema nina miguu inayowasha, na sikuwahi kuwa na hoja ya kuwapinga.

Kitu kimoja tu nilikuwa nakitafuta katika miji yote hiyo. Shangazi yangu alikuwa na cherehani barazani, na kabla sijamaliza kidato cha nne alikuwa amenifundisha kutia vifungo, kupinda suruali, kunyoosha kola isilale kama sikio la mbwa. Hakunifundisha kukata. “Kukata ni baadaye,” alisema, na mkasi wake mkubwa akauning'iniza juu ukutani. Alifariki kabla baadaye haijafika. Tangu hapo, kila niliposikia mkasi ukila kitambaa mezani, nilisimama.

Ndivyo nilivyosimama Jules Street, mtaa wa Malvern, Johannesburg, kati ya duka la vipuri vya magari na spaza, kiduka cha vyakula cha Msomali. Fundi alikuwa mtu wa Lubumbashi, mnene, mwenye kicheko kinachoanza kama kikohozi. Nusu ya chumba alimkodisha mama wa Burundi aliyekuwa akisuka nywele. Nilimwamkia, akaniangalia kutoka viatu kwenda juu.

“Unasema Kiswahili cha redio,” akasema. “Minapenda. Ingia, shika pasi.”

Nikashika pasi. Akanipa na kupinda, na kutia vifungo. Hakuniuliza jina, tangu siku ile niliitwa Tanzanie.

Kukata kulikuwa kwake peke yake, na baadaye kwa shemeji yake, mtu mzima aliyekuja kutoka Kolwezi bila kuwahi kushika chaki. Nilikuwapo siku fundi alipomsimamisha mezani, akaweka mkono wake juu ya mkono wa shemeji na mkasi ukaenda. Nilitamani aharibu. Hakuharibu. Baada ya muda akawa mkataji mzuri, na mtu mwema pia, jambo lililonifanya nikose hata wa kumchukia.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu. Mkenya mmoja alikuwa akija kutoka Midrand, mtu wa benki, mpole, mwenye kuongea kama anayefunga hesabu. Kila wiki alileta nguo ya kupunguza kiuno au kuongeza mikono, ingawa mwili wake haukubadilika hata kidogo. Nadhani alikuja kusikia Kiswahili; wanawe nyumbani walimjibu kwa Kiingereza. Alikuwa akisubiri usaili wa kazi Amerika, na kwa sababu yake Amerika ikahamia dukani kwetu.

Swali lilikuwa moja, na hatukulimaliza kamwe: kwa nini kule Weusi ni wengi kwenye kazi hizi na wachache kwenye zile? Kwa nini ghorofa za juu za benki hawaonekani, na kwenye kusukuma vitanda vya wagonjwa wamejaa?

“Ubaguzi,” fundi akasema, huku akipima kitambaa. “Neno moja. Imekwisha.”

“Haijaisha, fundi,” Mkenya akasema. “Mbona watu wetu wa Nairobi na Lagos wanafika kule na rangi ileile, wanakuwa madaktari? Angalia shule. Angalia malezi. Angalia mtu amesomea nini.”

“Bon. Weye ukienda sokoni ukachagua nyanya moja moja, unazifikisha nyumbani nzuri zote, utasema shamba lote ni zuri? Wale wamechujwa kabla ya kupanda ndege! Mwenyeji wa kule, babu yake alikatazwa shule, akakatazwa nyumba. Mjukuu atarithi nini? Kikohozi?”

“Hilo la babu silikatai. Lakini babu hafanyi mtihani wa leo.”

“Babu ndiye alilipa mwalimu. Ama hakulipa.”

Mama wa Burundi alikuwa na kichwa cha mteja magotini. “Yebaba we! Na kwenye mpira wa kikapu? Mbona huko wako tele?”

“Voilà!” fundi akasema. “Mpira haukuulizi baba yako ni nani.”

“Basi kwa hesabu yenu,” Mkenya akasema, “kwenye kikapu Wazungu ndio wamebaguliwa. Mnaona? Si kila tofauti ni ubaguzi. Wengine wanafuata pale walipomwona mtu anayefanana nao.”

“Eish,” akasema yule mteja wa kusukwa, msichana wa Soweto. Hakujua Kiswahili, lakini alijua ugomvi mzuri akiusikia.

Nami nilikuwa nyuma ya mvuke wa pasi. Nilikuwa natupa neno mara mojamoja, mara upande huu, mara ule, kwa sababu kila aliyesema nilimwona ana kipande cha kweli mkononi. Sijawahi kufika Amerika. Lakini sijui mahali pengine ambapo nimewahi kuwa na furaha ya namna ile, mikono ikifanya kazi na akili ikikimbia. Mpaka leo nikinusa kitambaa chenye unyevu chini ya pasi moto, nasikia “Bon.”

Kisha ikaja Jumamosi ya suti. Mkenya alileta kitambaa cha kijivu kwa ajili ya usaili wake. Fundi alikuwa amepamba moto.

“Minasema hivi: kazi kubwa haitangazwi. Kazi kubwa inanong'onwa. Bosi anamwambia rafiki yake, rafiki anamleta kijana wake, na kijana anafundishwa siri. Hakuna mtu aliyesema ‘Mweusi asiingie’. Lakini ameingia? Hajaingia.”

Mkenya akamtazama shemeji, aliyekuwa ameinama na mkasi, kisha akanitazama mimi.

“Na hapa, fundi? Hii meza ya kukatia ilitangazwa wapi?”

Mama wa Burundi akaacha kusuka.

“Hapa ni dukani kwangu,” fundi akasema. “Mkasi ni wa familia. Ukimpa mtu wa nje mkasi, kesho anafungua duka mbele yako. Tanzanie ni ndugu yangu kabisa, lakini mkasi ni mkasi.”

“Si ndivyo anavyosema na yule bosi wa kule?”

“Yule ni tajiri! Mimi ni mtu wa kupanga!”

“Basi fanya hivi. Suti yangu akate Tanzanie. Ikiharibika, kitambaa ni changu.”

Sikuwa nimemwomba. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote, ila labda macho yangu yalisema. Fundi akachukua mkasi kwa shemeji, akaniwekea mkononi. Ulikuwa mzito kuliko nilivyowaza, na ulikuwa na joto la mkono wa mwenzangu. Kisha akakunja kile kitambaa cha kijivu taratibu, akakiweka kando, akatandaza mbele yangu kipande cha bitana nyeupe, kidogo kuliko leso.

“Bon. Kata mfuko.”

Nikakata mfuko. Hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikarudisha mkasi, nikarudi kwenye pasi, na shemeji akakata suti bila kuinua uso.

Jioni tulipokuwa tukishusha geti la chuma, fundi alisema bila kunitazama, “Umenikasirikia.”

“Hapana, fundi.”

“Nilimfundisha Mzambia mmoja. Duka lake liko pale, ukipita taa za roboti. Unalijua.”

“Mimi sitafungua duka. Nipo tu.”

“Upo?” Akacheka kikohozi chake. “Weye Tanzanie, tangu ulipokuja viatu vyako viko mlangoni. Nitampa mkasi mtu ambaye kesho atakuwa Windhoek?”

Nilikuwa mtu wa kuondoka, alisema kweli. Lakini nilitembea hadi chumbani kwangu nikijiuliza kama ningekuwa bado naondoka ovyo laiti mtu mmoja, Mbeya au Lusaka au pale, angenipa sababu ya kusimama mezani. Ananinyima mkasi kwa sababu naondoka. Naondoka kwa sababu ananinyima mkasi. Nimelivuta swali hili kwa ncha zote mbili na sijaona lilipoanzia. Ndiyo maana siku hizi, nikisikia mtu akieleza mambo ya Amerika kwa neno moja, la kushoto au la kulia, najikuta nimekaa kimya.

Mkenya alipata kazi, akahama na familia. Alitutumia ujumbe wa sauti, fundi akausikilizisha duka zima. Alisema ghorofa yao ya ofisi ni nzuri, baridi ni kali, na yeye ndiye pekee wa rangi yake pale, isipokuwa mama anayekuja kufagia jioni, ambaye humsalimia kama mwanawe. “Bado sijajua niseme nini, fundi,” sauti ilisema. “Nitakwambia.” Fundi akaurudisha ujumbe mwanzo. Akausikiliza tena.

Bila Mkenya, Jumamosi zilipoa. Mwishoni mwa majira ya baridi nikamwambia fundi ninakwenda Gaborone. Nilisubiri aseme neno moja. Akasema, “Baki. Pasi yako iko.” Na neno halikuwa pasi.

Pale dukani kulikuwa na desturi yao. Ndugu wa damu akisafiri, fundi anamshonea suruali, mguu mmoja ameupinda, mwingine ameuacha wazi, ili arudi amaliziwe. Alimfanyia mdogo wake aliyekwenda Durban. Sikuwahi kuona akimfanyia mtu wa nje.

Asubuhi ya kuondoka nilipita kuaga. Mama wa Burundi alinishika shingo akaniambia nioe, upesi, kabla sijazeeka barabarani. Shemeji alinipa mkono kwa mikono miwili. Fundi akanitupia mfuko wa plastiki. “Sharp, Tanzanie. Chelewa uachwe na basi.”

Niliufungua tukiwa tumekwishatoka Park Station. Suruali ya kijivu, kitambaa kilekile cha suti ya Mkenya, masalio yake. Hakuwahi kunipima, na ilinitosha sawasawa. Mguu wa kulia umepindwa. Wa kushoto unaning'inia, nyuzi wazi.

Sikurudi. Nimepita miji mingine tangu hapo, na katika kila mmoja nimeitundika ukutani juu ya kitanda. Kupinda najua; ndicho nilichofundishwa, mara mbili. Ningeweza kuumaliza mguu ule kabla chai haijachemka.