Difu Niliyoihesabu kwa Chaki

Siku uvumilivu uliponiishia, mwanangu, naikumbuka vizuri. Ulikuwa na miezi minane, nimekufunga kitenge mgongoni, na fundi mmoja wa gereji ya mtaa wa Pasua alikuwa analegeza nati. Bila hata kuinua kichwa akasema, "Mama, mwite mwenye gari tuongee naye."

Mwenye gari alikuwa mimi. Kadi ya gari ina jina langu. Hiyo ilikuwa safari yangu ya tatu kwenye gereji ileile kwa jambo lilelile, na siku hiyo sikuweza kulimeza neno hilo. Nikamjibu, "Mwenye gari ndiye mimi, na huyu mgongoni ndiye mrithi. Ongea na mmoja wetu."

Utacheka kwamba mtu asiye na mvi hata moja anakutolea nasaha kama bibi kizee. Cheka, lakini soma. Siku utakayopewa ufunguo wa gari huenda nitakuwa nimesahau nusu ya haya.

Usidhani fundi ndiye aliyeanza kukosea. Nilianza mimi. Gari lile aliniachia mjomba wako alipohamia Mwanza: gari dogo jeupe la saluni, silinda sita, na tabo ya kuongezea injini nguvu, ukikanyaga mafuta kidogo tu linaruka. Nguvu ilikuwa tele, nami nikataka zaidi. Vijana wa pale ninapooshea gari wakaniambia nibadilishe difu, lile bonge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma, lenye meno yanayopeleka nguvu kwenye tairi. Difu iliyokuja na gari ilihitaji shafti inayotoka kwenye giaboksi izunguke mara tatu na robo tatu ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Wao wakasema niweke ya mara nne na nusu. Nitawaacha wote kwenye taa za barabarani, walisema, na mimi nikajiona nimeshawaacha.

Babu yako, baba mkwe wangu, aliendesha lori la kahawa miaka mingi. Nilipomwamkia na kumweleza, alikuwa anawakatia ng'ombe majani ya migomba. Alisimamisha panga.

"Lori langu lilikuwa na injini ndogo na mzigo mkubwa," alisema, "ndiyo maana nilitaka shafti izunguke mara nyingi. Wewe una injini kubwa na mzigo wa kitoto kimoja. Hiyo nguvu ya ziada itakwenda kwenye tairi, na tairi itakwenda kwenye migomba ya watu."

Nikaitikia ndiyo baba, kisha nikaenda gereji. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu lilinusurika kwa upana wa mfereji.

Wiki mbili za kwanza nilifurahi, siwezi kukudanganya. Kwenye ile lami ya kwenda Bomang'ombe, ninakofanya kazi duka la pembejeo, injini ilinguruma nikiwa spidi ya themanini tu, kama inayodai gia nyingine ambayo haipo. Mafuta yalikwenda kama maji. Sikujali. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wangu ulikuwa kona moja ya Kibosho, asubuhi ya manyunyu. Niligusa mafuta kidogo tu, makalio ya gari yakataka kutangulia mbele. Tuliposimama, gurudumu moja la nyuma lilikuwa linaning'inia juu ya mfereji wa maji. Wewe ulikuwa kiti cha nyuma, na ulicheka, ukidhani ni mchezo. Nikakufungulia mkanda, nikakutoa nje.

Nikarudi gereji, nikawasimulia yote, nikaomba difu yangu ya zamani irudishwe. Wakaniambia tayari. Nikakupakia tukaondoka, na kwenye themanini injini ikanguruma vilevile. Nikarudi tena. Wakasema gari ni zima, ila mimi bado sijalizoea. Safari ya tatu ndiyo hiyo ya kuambiwa nimwite mwenye gari.

Kabla ya safari hiyo babu yako alikuwa amekwishanifundisha kuhesabu difu. Hakuniambia "nilikuambia", alichukua chaki akanionyesha. Unainua magurudumu yote mawili ya nyuma, unaweka gia huru, unachora alama kwenye shafti na kwenye tairi. Kisha mnayazungusha magurudumu pamoja mzunguko mmoja kamili, na mwingine anahesabu shafti. Basi siku hiyo nikaomba jeki. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri gari lake akashika gurudumu la pili, na mama anayeuza ndizi hapo nje akaingia kuhesabu kwa sauti, nikamwambia tunatafuta tatu na robo tatu. Moja, mbili, tatu, nne, na chaki ikaendelea hadi nusu.

"Hiyo robo tatu iko wapi?" mama wa ndizi akauliza. Baadaye fundi akakiri: difu yangu walikuwa wameshaifunga kwenye gari la mtu mwingine. Nikawaambia nitakwenda ofisi ya kata kulalamika.

Jumapili yake mwenye gereji alipanda hadi nyumbani na wazee wawili, mkononi jani la isale. Kwetu, aliyekuletea isale ameomba msamaha, na kulikataa ni kujitakia balaa. Nikalipokea, na nikasamehe kweli. Alikuwa amenitafutia difu nyingine ya tatu na robo tatu, akaniacha niihesabu mwenyewe ilipofungwa. Tukiwa tunakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, akasema kwa upole kwamba basi yale mambo ya kwenda ofisini tuyaache. Nikamtazama babu yako.

"Isale inafuta kinyongo," alisema. "Haihesabu meno ya difu ya mteja wa kesho."

Leo gari linapanda mlima taratibu na mkungu wa ndizi kwenye buti, na kwenye lami linakwenda kimya hata unasinzia. Nimeridhika nalo.

Kwa hiyo, mwanangu, difu ichague kwa barabara unayopita kila siku, kwa nguvu ya injini na mzigo unaobeba. Walioko pembeni wanaotaka kuona moshi wa tairi hawatapanda nawe. Injini yenye nguvu tayari haihitaji kuongezewa mizunguko. Kazi ya fundi ihesabu mwenyewe, kuuliza si ujinga. Na ukimsamehe mtu msamehe moja kwa moja, lakini msamaha usikufunge mdomo. Mungu akutangulie upandapo na ushukapo, akupe breki njema na watu wa kukwambia kweli.

Jumatatu, siku moja baada ya isale, nilipeleka barua kwa mtendaji wa kata. Nakuachia nakala:

"Nalalamikia gereji iliyodai kunirudishia difu yangu wakati ilikuwa imeifunga kwenye gari la mtu mwingine. Mwenye gereji nimemsamehe kwa isale mbele ya wazee, na sidai chochote. Malalamiko siyaondoi. Naomba mwenye gari hilo jingine atafutwe aambiwe alichofungiwa. Naomba pia kila mteja, mwanamke au mwanamume, ahesabiwe difu yake mbele ya macho yake kabla ya kuondoka. Niliwaeleza mafundi kwamba gari liliteleza nikiwa na mtoto. Walinirudishia likiwa vilevile, wakanitazama nikimpakia mtoto, wakanifungulia geti."