Kipande cha Zambarau

Dada yangu alirudi Segese likizo ile na kipande cha titani kisichozidi ukubwa wa kiberiti, amekifunga kwenye pamba. Upande mmoja kilikuwa cha zambarau. Alinieleza kwamba chuoni alikizamisha kwenye gliserini yenye chumvi kali, akapitisha umeme, na umeme ukaula uso wa chuma taratibu mpaka ukaota utando huo wa zambarau, wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Kisha akauoka tanurini. Jua likiupiga utando ule ndani ya maji, vijidudu hufa. Vipande vingine vyote vilibanduka utando. Kilichoshika ni hiki. Zamu yake ya maabara ilikuwa imekwisha, na Jumatatu asipokipeleka kwa mwalimu wake, hahitimu mwaka ule.

Alitaka kukijaribu kwa maji ya kisima chetu. Akakilaza uani ndani ya bakuli la kioo, akaniomba nikiangalie, akarudi kisimani kuongeza ndoo.

Nilikaa kizingitini na daftari. Riwaya yangu ilikuwa imenikimbia kwa wiki nzima, na asubuhi ile ikakubali kushikwa. Nikasikia mchanga ukisugua chuma: kwacha, kwacha. Ni sauti ya nyumbani tangu nipate akili, mama akisugua vyombo kwa majivu na mchanga, maana kwetu mwanamke hupimwa kwa sufuria zake. Ilinipendeza. Nikaiandika. Nikatafuta kitu cha kuifananisha nacho, nikakipata, nikafurahi.

Nilipoinua kichwa, mama alikuwa anakisuuza kile kipande.

"Kiliungua hiki," alisema. "Atakipelekaje kwa mwalimu na masizi?"

Kiling'aa kama kijiko cha dukani. Nilikigeuza juani huku na huku, nikitafuta zambarau hata ya ukingoni.

Dada akaja, akatua ndoo. Alikitazama kiganjani mwangu, kisha akalitazama daftari. Mama alikuwa anakausha mikono kwenye kanga, akingoja.

"Asante, mayu," dada alimwambia mama. "Kimetakata."

Mama akacheka, akasema kusoma kote kule na bado hatujui kusugua.

Dada alikirudisha kwenye pamba, akaikunja polepole, kona kwa kona, kana kwamba bado kulikuwa na cha kulinda.

Ukurasa ule ninao. Sentensi yake ni nzuri. Sijaweza kuitumia, wala kuuchana ukurasa.