Pua ya Kuazima

Mume wangu Nangiro ni fundi wa matangi ya mafuta hapa Isiolo. Kama una kombi kuukuu inayonuka petroli, watu watakuelekeza kwake. Walikuwa wakikuelekeza, niseme hivyo. Siku hizi wengine wanavuka barabara.

Kazi yake naijua kwa sababu nauza chai mlangoni pa gereji. Kombi ikija, analala chini yake juu ya gunia na kulipapasa tangi kwa vidole, hasa pale mkanda wa chuma unapolishika, maana kutu huanzia hapo. Akipata tundu anamwaga mafuta yote, analishusha tangi, analijaza maji ili mvuke utoke, ndipo achomelee. Mwenye haraka anafukuzwa kwa spana. Nimeolewa na mtu mgumu, lakini hajawahi kumchoma mtu.

Mwisho wa kazi ni kunusa. Juu ya tangi kuna mpira unaopitisha mafuta kutoka pale yanapomiminwa. Ukipasuka huwezi kuuona wala kuufikia kwa kidole. Unajulikana kwa harufu tu. Lakini aliyenusa hakuwa Nangiro. Alikuwa Lokwang, rafiki yake tangu utotoni, aliyesimama naye kanisani siku ya harusi yetu. Lokwang anainama, anavuta pumzi, anasema, "Hii iko sawa," Nangiro anapiga bodi kofi na gari linaondoka. Mimi nilidhani ni mbwembwe zao tu.

Basi Habsa akaleta kombi yake, ile yenye kitanda nyuma na jiko la gesi, anayobebea wageni wanaotaka kulala porini. Ilikuwa inavuja chini na juu. Nangiro akaziba chini, akabadilisha mpira wa juu, akajaza mafuta, akamwita mwenzake. Lokwang akanusa. "Iko sawa," akasema. Habsa akaenda zake Gotu.

Kesho yake alirudi akivutwa na lori. Hakunisalimu, yeye aliyezoea kusema habari kabla hata hajashuka.

"Fundi, ulitaka kunichoma na watu wa watu? Nimeshika kiberiti niwashe jiko, nasikia petroli imejaa chini ya kitanda! Wewe huna pua?"

Watu wakakusanyika. Nangiro akamgeukia Lokwang, akingoja aseme neno. Lokwang akapangusa mikono, akasema kwa sauti ya kufika sokoni, "Mama, huyu hana pua kweli. Tangu mwaka ule wa barakoa hasikii harufu yoyote. Mimi ndiyo namnusia. Na hii yako mimi sikusema iko sawa, hata hakuniita. Lete kwangu. Nimefungua gereji yangu hapo ng'ambo ya barabara."

Nilikuwa nimesimama pale na birika. "Muongo!" nikapiga kelele. "Nilikusikia ukisema iko sawa!" Hakunitazama. Bango lake lilikuwa limeshachorwa. Alijua mpira unavuja, akaiachilia kombi iende na jiko lake la gesi ili jina la mwenzake liharibike. Huyo ndiye niliyekuwa namwekea nyama nzuri kila Krismasi!

Hasira niliyokuwa nayo juu ya Lokwang ilinitosha mpaka jioni. Jioni ikaja nyingine. Napakua chakula, nikakumbuka kwamba miaka yote hii Nangiro akiingia mlangoni husema, "Mama Sharon, leo umepika, nimesikia harufu toka barabarani." Na mimi natabasamu kama mjinga.

"Lokwang ulimwambia," nikasema. "Mimi ukanipa sifa za uongo."

"Niliona haya. Ungenionea huruma."

"Na Lokwang je?"

Akala kichwa chini, na mimi sikula. Iliniuma kuliko yale ya mchana.

Katika watu wote waliokuwa pale, Habsa peke yake ndiye aliyeniamini nilipopiga kelele. Alisema hatampa gari mtu aliyelinyamazia tundu. Lakini akaapa kwamba kombi ikinuka tena, atamtangaza Nangiro mpaka Kinna, na hapo gereji yetu ifungwe.

Nangiro akashusha tangi tena, akatia mpira mwingine, akabana, akajaza mafuta. Kisha akabaki amesimama na spana, hana wa kumwita.

"Mama Sharon," akasema mwishowe. "Njoo uninusie."

Nikaweka birika chini, nikalala kwenye gunia lake na kuingiza kichwa karibu na tangi. Nikavuta pumzi, nikavuta tena. Habsa alikuwa anatutazama. Nilitamani sana kusema iko sawa.

"Bado inanuka," nikasema. "Upande huu wa dereva."

Nangiro akachuchumaa, akanitazama usoni.

"Kweli?" akauliza.

Lokwang alimnusia miaka yote ile, na hakuulizwa hivyo hata mara moja.