Kocha wa Goroka asiyetaja jina la namba tisa

Saa kumi na moja jioni, Alhamisi, wachezaji wa timu ya raga ya Hondohondo wameketi kwenye nyasi zilizolowa, na kocha wao anasoma kikosi cha fainali. Karatasi ameishika mbali na uso, anasoma polepole. Namba moja, namba mbili, hadi namba nane. Hapo ananyamaza, anampa mkewe karatasi.

Hakuna anayeshangaa. Namba tisa, yule anayeokota mpira kila mwenzake anapoangushwa, ni Sailo Yanepa, na Sailo ni kaka yake Orina, mke wa kocha. Jina la shemeji halitajwi hapa Goroka. Ukilitaja umemvunjia heshima yeye na ukoo wake mzima. Basi huu msimu wa tatu kocha Kepas Gotaha anasoma majina kumi na mawili kati ya kumi na matatu, na Orina, anayeuza viazi vitamu vya kuchoma getini, anaingia kusoma moja.

"Wenzetu wana makocha wasaidizi wenye filimbi," anasema Orina. "Hawa wana mimi na kiondo changu."

Leo hasomi. Anaitazama karatasi, kisha anamtazama kaka yake, aliyekaa mbele kabisa na viatu ameshavifunga.

Mambo yalianza Jumamosi, kwenye nusu fainali. Sailo aligongwa na goti kichwani, akaanguka, akainuka, akaenda kujipanga na wapinzani. Akasimama katikati yao, mikono ameitanua, tayari kuwakaba ndugu zake mwenyewe. Uwanja ulivunjika mbavu.

"Ametekwa huyo, leteni nguruwe tumkomboe!" mtu alipiga kelele.

Kepas hakucheka. Alimtoa nje hapo hapo, na jioni akasema mchezaji aliyegongwa hivyo atakaa wiki tatu bila kugusa mpira. Fainali ilikuwa imebaki wiki moja.

Kwa wanaomkumbuka Kepas akicheza, maneno hayo yalikuwa kichekesho. Huyu ndiye namba kumi aliyecheza misimu kumi na moja kazi yake kubeba mpira na kuvamia watu kifua mbele, kwa malipo ya kina mia mbili, pesa za huku, kila mechi. Mara ngapi alifungwa kitambaa kichwani, akarudi uwanjani damu inamchuruzika, na watu wakampenda hasa kwa hilo? Leo ana miaka arobaini na nne. Mchana anapakia magunia ya kahawa kiwandani, jioni anafundisha bila malipo, na jua likiwa kali anavaa kofia mbili kwa sababu mwanga unamuumiza macho.

Jumanne baba mkwe wake aliteremka kutoka kijijini na wanaume watano. Walikaa uani, wakatafuna popoo zao bila haraka. Kisha mzee akaanza, macho ameyaelekeza kwenye ua, maana mkwe hakodolewi macho.

"Mkwe, tumesikia unamweka mwanangu benchi. Kijiji kimeshakodi magari matatu. Wewe mwenyewe tulikuona umepasuka kichwa ukaendelea kucheza. Ulikufa?"

"Sikufa, baba."

"Basi."

"Baba, siku mjukuu wako Lusi alipozaliwa nilikuwepo," Kepas alisema. "Picha zipo, mimi ndiye niliyembeba. Ilikuwa siku tatu baada ya kugongwa kichwa kwenye mechi kule Lae. Sikumbuki chochote. Naziangalia zile picha naona mwanamume mwingine amembeba mwanangu."

Orina alikuwa jikoni akimenya viazi. Alikiacha kisu.

"Miaka kumi na minne sikujua," anasema sasa, na machozi yanamlenga. "Namuuliza, unaikumbuka mvua ya siku ile? Ananijibu, naikumbuka sana, ilinyesha mpaka asubuhi. Mwongo mkubwa huyu. Nilitaka kumpiga mwiko, nikaishia kumkumbatia mbele ya baba yangu, aibu tupu."

Mzee aliondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo kijiji hakijaleta neno.

Ndiyo maana jioni hii wachezaji wanamtazama Orina. Jina lililoandikwa si la kaka yake. Kama hataki kulisoma hakuna wa kumlaumu, kwani watu wa Hondohondo wengi ni ukoo wa Yanepa, na timu inaweza kusambaratika hapa hapa kwenye nyasi.

"Namba tisa," anasema Orina, na sauti yake ni ile ile ya kuita wateja. "Hosea Mikaru."

Sailo anainuka.

"Shemeji, umenionea."

"Nimekuonea, shemeji," Kepas anakubali. "Lakini aliyesoma ni dada yako. Kamshtaki yeye."

Wachache wanacheka. Sailo hacheki. Anavua viatu, anavitupa mbali, anabaki amesimama na soksi kwenye tope. Kisha anasonya, anaenda kukaa karibu na Hosea, anaanza kumweleza, kwa hasira, namna mabeki wa Kainantu, wapinzani wao wa fainali, wanavyochelewa kurudi upande wa kushoto.

Orina anamrudishia mumewe karatasi. Kepas anaendelea na namba kumi.

Mazoezi yakiisha anakusanya mipira mwenyewe. Msimu ujao, anasema, ataomba timu zote za hapa ziikubali sheria yake ya wiki tatu, na anajua watamcheka. Kuhusu fainali ya Jumamosi hajidanganyi. Bila namba tisa wake huenda wakafungwa, na wakifungwa, hajui ni nani wa ukoo ule atakayekanyaga uani kwake tena.

Kwa nini basi amwache nje?

Anafunga mfuko wa mipira kabla ya kujibu.

"Mke wa shemeji anajifungua Septemba," anasema. "Nataka siku hiyo awepo. Mtoto akija kumuuliza ilikuwaje, amsimulie yeye mwenyewe, asiombe picha."