Miaka Tisa ya Kuchunga

Ninalidharau neno la Kiingereza keep kuliko maneno yote yanayopita kwenye kompyuta yangu. Herufi nne tu, na mbili kati ya hizo ni ileile. Ukifuga ng'ombe, ni keep. Ukitimiza ahadi, keep. Ukinyamaza, keep. Ukimsubirisha mtu mlangoni, ukishika upande wa kulia wa barabara, ukiendelea kupiga kelele baada ya kuambiwa uache, yote keep. Sisi tuna neno la kila shughuli. Wao, pamoja na meli zao zote na vitabu vyao vyote, walilikamua hilo moja mpaka likabaki makapi. Halafu nadhani waliona aibu, maana walilitungia visawe virefu virefu, vya kuvaliwa siku za sherehe.

Visawe hivyo ndivyo vilivyonilisha mimi. Nilikulia Bujumbura, nikarudi Kigali mtu mzima, nikafundisha Kifaransa miaka mingi na kujiona bwana mkubwa, mpaka siku shule zilipogeukia Kiingereza. Mkurugenzi wetu, ambaye Kiingereza chake chote kingeenea kwenye bahasha, alitukusanya akatuambia tujitahidi. Sikujitahidi. Nilinuna. Baada ya kununa nikanunua kompyuta na printa, nikapanga chumba nyuma ya soko la Kimironko, katikati ya mafundi cherehani, nikaanza kuandikia watu barua za kuomba kazi. Kiingereza nilijifunzia humo humo, kwenye kamusi nene ya visawe iliyokosa jalada.

Kazi yetu hiyo ina sheria mbili, na hakuna aliyeziandika. Ya kwanza, barua ijaze ukurasa. Ya pili, neno lisirudiwe. Mteja hasomi barua yake, anaitazama. Akiona neno limetokea mara mbili anakuangalia kama muuza maharage aliyemchanganyia mawe. Kwa hiyo dereva haendeshi gari, anasimamia usafirishaji. Mlinzi halindi geti, anaratibu usalama wa eneo. Nilikuwa hodari wa upuuzi huo kuliko wote pale sokoni, na sitadanganya, nilijivuna. Wenzangu niliwaona vihiyo. Wateja niliwaona vihiyo zaidi.

Jumapili moja akaja mama mmoja, umri wa miaka arobaini na kitu, amevaa kitenge cha misa. Naye alikulia Burundi, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili chetu kile kile. Alikuwa mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba ya kifahari Nyarutarama, analala huko huko, anapewa Jumapili moja ya mapumziko na kunyimwa inayofuata.

"Mwarimu," aliniambia, maana mtaa mzima bado unaniita hivyo, "iko gesti inafunguliwa Ndera. Inatafuta mtu ya kuangalia nyumba. Mimi nataka hiyo kazi sana."

"Kwani Nyarutarama wamekukosea nini?"

"Hapana, ni watu wazuri. Ni mama yangu. Iko Ndera, dada yangu ndo anaishi naye. Ameanza kusahau. Jumapili ile nyingine ariniuliza mimi ni mtoto ya nani." Akanyoosha kitenge chake magotini. "Nikipata kazi pale, nitarara kwa mama kira siku. Akiniona kira siku, hatanisahau."

Mjini hapa ukitaja Ndera watu wanacheka, wanafikiria hospitali ya wagonjwa wa akili. Yeye hakuwa na cha kucheka. Nilimwonea huruma, lakini huruma ya mtu mwenye foleni: nyuma yake walikuwa wamekaa wateja wawili wanapiga miayo. Nikamuuliza alifanya kazi gani miaka yote hiyo tisa.

"Nirichunga nyumba."

"Na nini tena?"

"Nirichunga watoto mbili, toka wako wadogo mpaka sasa wanaenda shure. Nirichunga mbwa. Nirichunga maua. Funguo yote ya nyumba ni mimi nirichunga." Akafikiri. "Na siri ya madamu. Hiyo pia nirichunga."

Vidole vyangu vilikuwa juu ya vibonye, vinangoja. "Mama, miaka tisa yote umechunga tu? Hakuna kingine ulichofanya?"

"Kingine nini, Mwarimu?"

Nilicheka. Wale wawili nyuma nao wakacheka, na mmoja wao, nakumbuka, alikuwa amekuja kuombewa kazi ya kufagia. Mama naye akatabasamu kwa adabu.

Ningeweza kuandika keep mara sita, mistari sita, basi. Ingekuwa kweli tupu, na lile neno ninalolidharau lingefanya kazi yake ya haki angalau mara moja. Lakini barua ya mistari sita ni aibu kwa mtu kama mimi. Nikafungua kamusi yangu. Nyumba ikawa makazi ya kiwango cha juu yaliyokuwa chini ya usimamizi wake. Watoto wakawa programu ya malezi na makuzi. Mbwa akapata ustawi wa wanyama. Maua yakawa uhifadhi wa mazingira, funguo zikawa mfumo wa udhibiti, na siri za madamu nikaziita ulinzi wa taarifa nyeti. Hakuna kitenzi kilichorudi mara mbili. Ukurasa ukajaa mpaka chini.

Nikamsomea kwa Kiingereza, kwa sauti, ili na wale wa nyuma wasikie. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Ndo mimi huyo?"

"Ndiye wewe."

"Unisomee basi kwa Kiswahiri, nijue."

"Haina haja, mama. Wakubwa wataelewa."

Sikuwa na haraka ya kufa mtu. Dakika tatu zingetosha. Nilimnyima kwa sababu barua ikisomwa kwa Kiswahili ingesikika upuuzi, nami nilijua.

Baada ya wiki mbili alirudi, Jumapili tena, barua imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuwa na hasira hata chembe. Alivuta kiti karibu, akaongea chini chini, kama mtu anayekwambia suruali yako imefunguka.

"Mwarimu, uriteleza. Ile barua haikuwa yangu."

Ni kosa la kawaida kwetu, kila mtu Kimironko analijua. Mwandishi anachukua barua ya zamani kwenye kompyuta, anabadilisha jina juu, anasahau kubadilisha yaliyo chini. Fundi bomba anaondoka na barua ya kuomba kazi ya kusuka nywele. Mama alikuwa na uhakika kwamba ndivyo nilivyomfanyia.

Akanieleza yaliyotokea. Mwenye gesti, mwanamke aliyekulia Uganda na kusoma sana, alimkaribisha vizuri, akaisoma barua, kisha akamtafsiria kwa Kinyarwanda mstari kwa mstari. Je, umesimamia programu ya makuzi? Umeendesha mfumo wa udhibiti? Umefanya uhifadhi wa mazingira?

"Nikamwambia hapana, madamu, mimi sijafanya hata moja. Jina ni rangu, kazi ni ya mtu mwingine. Huyo mtu amesoma." Akasogeza ule mfuko mbele yangu. "Akaniambia asante kwa kusema ukweri. Akanirudishia barua. Nimekuretea umpe mwenyewe. Pengine anaitafuta."

Nimedharau watu wengi maishani, lakini siku ile nilijidharau mwenyewe. Nilitaka kusema ndiyo, niliteleza, nitampa mwenyewe, pole. Ingekuwa rahisi kweli. Badala yake niliitoa barua kwenye mfuko, nikamsomea kwa Kiswahili. Sikutafsiri nilichoandika mimi, nilirudisha alichosema yeye. Hapa imeandikwa ulichunga nyumba. Hapa, ulichunga watoto. Hapa mbwa, hapa maua. Hapa funguo. Hapa siri za madamu.

Alifuata kidole changu mpaka mwisho wa ukurasa, kisha akakirudisha juu mwenyewe, tuanze tena. Nikasoma tena.

"Kumbe ni mimi," alisema.

"Ni wewe, mama. Tangu mwanzo ni wewe."

"Na mimi nikamwambia hapana." Alishika shavu. Kisha uso ukafunguka, akaanza kupekua mkoba mbio mbio. "Iko namba yake hapa. Bado hajapata mtu, arisema anatafuta. Piga, Mwarimu. Muambie ni mimi."

Nikapiga. Mwenye gesti alipokea upesi. Nikajieleza kwa Kinyarwanda, kwa heshima zote: mimi ndiye niliyeandika ile barua, maneno niliyakuza mimi, lakini kazi zote ni za mama huyu, kweli kabisa, miaka tisa. Alinisikiliza bila kunikatiza. Mama alikuwa amesimama mbele ya meza, anautazama mdomo wangu.

"Wewe ndiye unayeuza hizi barua?" mwenye gesti aliuliza.

"Ndiyo, mimi."

"Huyo mama aliniambia kwa kinywa chake kwamba hajafanya kazi hata moja kati ya hizi. Hakulazimishwa. Nilimheshimu sana kwa hilo. Lakini nahitaji mtu mwenye uzoefu. Sasa leo wewe, unayelipwa kuandika, unaniambia kinyume. Bwana, mimi namwamini yeye."

Akakata simu. Niliendelea kuishika sikioni kwa muda, kama bado anaongea.

"Amesema nini, Mwarimu?"

"Amesema anakuamini."

Mama alipiga makofi mara moja, akamshukuru Mungu, akanishukuru na mimi. Kisha akafunga mkoba wake na kuuliza aanze lini.