Majani ya Mkaratusi

Wajukuu wangu wanasifu mboga yangu ya sukuma wiki, na sifa naipokea, ni haki yangu. Hawajui kwamba shamba langu la kwanza, pale mtaa wa Langas, nililiua mwenyewe.

Ilikuwa enzi za utawala wa Nyayo. Mume wangu alikuwa amesimamishwa kazi kiwandani, na watoto watano walitegemea kile kipande cha nyuma ya nyumba. Udongo ulikuwa umechoka. Jirani yangu, mama aliyetoka upande wa Nyeri, akaniambia twende msituni tuzoe udongo mweusi, ule wa majani yaliyooza chini ya miti ya kienyeji. Ni mwendo wa saa mbili, na askari wa msitu akikupata anamwaga gunia lako chini. Nikaona ni upuuzi. Hapo karibu kulikuwa na mikaratusi, na majani yake yamejaa chini mpaka kwenye kifundo cha mguu.

Nikajaza magunia manne. Jirani akanikuta nikiyafukia kwenye matuta.

"Mama, toa hayo. Umewahi kuona hata nyasi ikiota chini ya mkaratusi?"

"Mimi nimezaliwa shambani. Wewe umezaliwa dukani."

"Haya. Utakula hayo majani."

Akacheka, akaenda msituni peke yake.

Miche yangu ilikaa wiki mbili bila kuongeza jani. Ikawa njano. Ikalala. Yake ilikuwa na majani mapana kama sinia. Sababu niliijua. Lakini pale kwenye mfereji, tulipokuwa tukichota maji, nikawaambia wanawake kuna jicho baya limetazama shamba langu, na nilikuwa naangalia mlango wake nikisema hivyo. Wakaacha kumsalimia.

Jioni moja akaja na fungu kubwa la sukuma.

"Wape watoto. Maneno yako nimeyasikia, lakini wao hawajasema kitu."

Nikapokea. Alipofika kwake, nikawatupia kuku lote.

Watoto walikuwa wanakula ugali na chumvi. Msichana wangu mkubwa akasimama mlangoni akitazama kuku wakigombana. Akatoka, akawafukuza, akaokota yaliyobaki, akaosha, akapika. Hakuniangalia. Walikula wote isipokuwa mimi.

Mwezi huo jirani akahama. Nilisikia mkokoteni ukipita na vyombo vyake vikigongana. Nilikuwa ndani, nimefunga dirisha, na sikutoka.