Mvua za Juu ya Wastani

Mwaka wa elinino, redio ilianza kututangazia mvua wakati sisi huku mlimani tunalilia hata manyunyu. Majani ya migomba yalikuwa yamejikunja, na maji ya mfereji tulikuwa tunayapata kwa zamu, mara moja kwa wiki. Mama alikuwa uani anapepeta maharage mtangazaji aliposema kwamba mvua za vuli zinatarajiwa kuwa za juu ya wastani, na kwamba wanaokaa mabondeni na kwenye miteremko wachukue tahadhari.

Mama akaweka ungo chini. "Miteremko," akasema. "Hao ni sisi."

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, na baba alikuwa ameshafariki. Nyumba yetu na nyingine sita zilikuwa chini ya mfereji, pale unapokata kona kuzunguka kilima kabla ya kuteremka kwenye vihamba vya chini, mashamba yetu ya migomba na kahawa. Mfereji ule ulichimbwa na mababu, na tangu hapo ulikuwa shughuli ya wanaume. Mwanamke alichota maji akaenda zake. Kuugusa kwa jembe, hapana. Mwenyekiti wa mfereji alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba.

Jumapili baada ya misa mama akamfuata nje ya kanisa, alikosimama na wazee wenzake. Nikasalimia shikamoo zangu zote, nikarudi nyuma ya mama.

"Shemeji, redio imesema mvua itakuwa kubwa," mama akaanza. "Mfereji ukijaa utapasukia pale kwenye kona, uje mpaka vitandani mwetu. Naomba mtuchimbie mtaro wa kutolea maji, yaende korongoni."

"Juu ya wastani!" baba mdogo akasema. "Wastani wa wapi? Wa Dar es Salaam?" Wazee wakacheka. "Mwaka juzi walitangaza mvua, tukapanda, mahindi yakakauka yakiwa magotini. Mimi naangalia kilele cha Mawenzi. Wingu la mvua huanzia kule, na sijaliona."

Hakuwa mjinga baba mdogo. Alikuwa ameusoma mlima ule tangu ujana wake, na mara nyingi ulimwambia kweli. Tena kutoboa ukingo wa mfereji wakati watu wanagombea maji kungemletea ugomvi na kijiji kizima. Mama alilijua hilo.

"Basi niruhusu nichimbe mimi," akasema. "Nikikosea nitafukia mwenyewe."

Wale wazee wakageuka kumtazama. Baba mdogo akasema, "Chimba. Lakini ukingo wenyewe usiuguse mpaka niseme."

Tulichimba Jumamosi tatu. Walikuja wanawake wa jumuiya yetu, wengine kwa kuamini redio, wengine kwa kumwonea mama huruma tu. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, na wanaume waliopita njiani walituuliza kama tunatafuta madini. Tulianzia korongoni tukapanda hadi karibu na mfereji, tukaacha hatua moja ya udongo.

Mvua ilipoanza tuliifurahia. Wiki ya pili hatukuifurahia tena. Kahawa ikaota ukungu kwenye meza za kuanikia, kuni zikagoma kuwaka. Halafu asubuhi moja, baada ya mvua iliyonyesha bila kupumua tangu jana yake, mama akaniita, tukapanda hadi kwenye kona. Mfereji ulikuwa umejaa pomoni, maji mekundu, na ukingo wa upande wetu umeanza kuvuja.

"Kamwite baba yako mdogo," akaniambia. Kisha akautazama ukingo tena, akanishika mkono. "Hapana. Hatutamsubiri."

Akavua kanga ya mabegani, akashuka kwenye mtaro, akaanza kupiga jembe kwenye ile hatua ya udongo. Nami nikapiga upande wa pili. Udongo ulipoachia, maji yalinibeba miguu, na mama akanivuta kwa gauni. Yakateremka kwa kishindo korongoni, yakipita kando ya nyumba yetu na zile sita.

Baba mdogo alifika na wanaume wanne, wamelowa, wakitokea kule juu walikohangaika kulifunga banio, pale mfereji unapochukua maji mtoni, wakashindwa.

"Nani amekata?"

"Mimi, shemeji," mama akasema. Hakuinamisha kichwa.

Baba mdogo akatazama maji, akatazama mapaa yetu kule chini. Kisha akachukua jembe mkononi mwangu, akaingia matopeni, akaanza kuupanua mtaro.

Msimu ule tulipoteza kahawa karibu yote. Nyumba hakuna iliyoanguka. Mwaka uliofuata, mkutano wa mfereji ulipoitishwa, baba mdogo alikuja mwenyewe kumchukua mama, na wazee wakamsogezea nafasi kwenye benchi. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukaa pale. Mimi nilisimama pembeni bila kazi yoyote, ili tu nimwone amekaa.

Miaka kadhaa baadaye redio ikatangaza mvua nyingi, mama akapanda maharage mapema, mvua haikuja, yakakauka. Jirani mmoja akamuuliza redio yake imesemaje safari hii.

"Ilisema huenda," mama akajibu. "Nami nilisikia huenda." Akatwaa jembe na mbegu alizokuwa amezibakiza, akaenda kupanda upya kando ya mfereji.